Kurasa Mbili Zenye Muhuri

Nyamagana, Mwanza
Jumatano, 5 Machi 2025

Mwalimu Wilhelmina,

Shikamoo.

Kuna sauti moja ya darasa la sita ambayo haijawahi kunitoka: nyundo ya Bibi Kokoto nyuma ya dirisha letu. Wewe unaandika ubaoni, sisi tunanakili, naye huko nje anagonga mawe yake, ko, ko, ko, halafu kimya kidogo anapochagua jiwe jingine. Siku ambazo hakuja nilikuwa siwezi kufanya hesabu. Sijui kwa nini naanza na hilo. Labda ni kwa sababu ni miaka mingi sijakuandikia, na mtu aliyenyamaza muda mrefu hivyo hajui aingilie mlango gani.

Nimesikia kijitabu chako, Majirani wa Bibi, kimezuiwa. Nimesikia pia kwamba waliokuja kuchukua nakala walichukua na simu yako, ndiyo maana naandika badala ya kupiga. Barua hii nampa kondakta wa Hiace ya Misungwi. Ameniapia kwamba anamjua kijana wa bodaboda anayefika kijijini kwenu.

Mwalimu, mimi niko katika ofisi hiyo hiyo iliyotoa amri, Ofisi ya Ukaguzi wa Machapisho. Niko upande wa kumbukumbu, napanga majalada. Amri ni ya muda tu, siku kumi na nne. Tarehe 17 kutakuwa na mapitio, na hapo kijitabu kizima kitasomwa. Nakuomba usivunjike moyo. Kama kuna jambo ungependa lifike kwa wakubwa, niandikie, nitalifikisha.

Mwanafunzi wako,
Modesta Mashimba


Kijiji cha Mwalugoye, Misungwi
Alhamisi, 6 Machi 2025

Modesta mwanangu,

Marahaba. Barua imefika inanuka dagaa, nadhani kondakta wako aliitia kwenye ndoo ya mtu. Nimeisoma kwa sauti mpaka kuku wamekimbia.

Siku tatu nimekaa nikijiuliza namjua nani katika nyumba ile, kumbe mtoto wangu yumo ndani. Basi sikiliza, unifikishie.

Kijitabu tulikiandika mimi na wanawake wa kikundi chetu cha kuzikana. Unajua huku kwetu. Bibi akizeeka peke yake, macho yakiwa mekundu kwa moshi wa samadi, mtoto wa jirani akiugua homa, neno linaanza kutembea. Linaanzia kisimani, linaishia kwenye panga. Tukasema neno hilo tuliandike, tulijibu, lisiwe la kunong'ona tena. Bibi kumi na mmoja walikubali wenyewe. Mmoja aliniambia, "Niandike kwa herufi kubwa, Mwalimu. Wanaweza kuniua kwa sababu hawanitaji jina."

Ukurasa wa 11 na wa 12 kuna majina yao, vitongoji vyao, na safu inayosema "Yanayosemwa juu yake." Ukurasa wa 13 na wa 14 kuna "Ukweli wake": daktari kasema nini juu ya macho yale, mtoto yule aliugua nini hasa, na kwa kila bibi, majirani wawili walioweka dole gumba kwamba watamlinda. Huwezi kusoma nusu moja ukaacha nyingine.

Sasa linaloninyima raha ni hili. Amri imebandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Pembeni yake wamebandika ukurasa wa 11 na wa 12, kila mmoja una muhuri wa serikali, eti ili wananchi wakitambue kijitabu kilichozuiwa. Wa 13 na wa 14 hazipo. Watu wanasimama pale wanasoma. Jana nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake, "Serikali imetoa orodha." Hakusema orodha ya nini. Hakuhitaji.

Aliyesaini hakuandika jina, kaandika "Afisa wa Zamu Na. 4." Mwambie huyo namba nne asome ukurasa wa 13. Hilo tu.

Na huyo Bibi Kokoto wako ni wa kwanza katika orodha. Jina lake ni Mbuke Lusana. Nyie watoto mlimcheka miaka yote, hamkuwahi kumwuliza jina.

Mwalimu wako,
Wilhelmina


DOKEZO LA NDANI
Kutoka: M. Mashimba, Afisa wa Zamu Na. 4
Kwa: Mkuu wa Kitengo
Ijumaa, 7 Machi 2025

Mheshimiwa, naomba kuondoa kiambatisho (ukurasa wa 11 na wa 12) cha amri niliyosaini Jumatatu kuhusu kijitabu Majirani wa Bibi. Niliamua kwa picha mbili za simu zilizotumwa na mlalamikaji, kama tunavyofanya siku zote kwenye maombi ya dharura. Leo nimefungua nakala nzima kutoka stoo. Orodha si ya kuwashtaki wale wanawake, ni ya kuwalinda. Sisi tumechukua mashtaka tukayapigia muhuri, majibu tukayafungia kabatini. Kurasa hizo zimebandikwa kwenye mbao sita za kata ile. Naomba ziondolewe leo.

M. Mashimba

(Chini, kwa kalamu:)

Modesta, nimekuelewa. Lakini unajua kanuni: kiambatisho ni sehemu ya amri, na amri haiguswi mpaka mapitio, isipokuwa kwa sahihi ya Msajili. Msajili yuko Dodoma hadi tarehe 13. Nimempigia mara mbili, hapokei. Tulia. Nilikwambia mwaka jana na nakwambia tena: ukikosea kwa kuzuia, utaomba radhi, ukikosea kwa kuruhusu, utaenda msibani. Wewe umezuia. Nenda nyumbani ule. — Nestory


Nyamagana, Mwanza
Jumamosi, 8 Machi 2025

Mwalimu wangu,

Shikamoo.

Nimeonana na afisa aliyesaini. Nimempa ujumbe wako wa ukurasa wa 13. Ameusoma. Alikaa nao muda mrefu, Mwalimu, kuliko unavyodhani mtu wa ofisini anaweza kukaa na karatasi moja. Ameandika dokezo kuomba zile mbili ziondolewe. Wakubwa wamesema zisubiri sahihi ya Msajili ambaye amesafiri.

Si mtu mbaya. Naomba uniamini katika hilo. Alipewa picha mbili na akaambiwa aamue kabla ya saa kumi jioni. Aliona majina ya vikongwe na tuhuma za uchawi, akaona damu. Alidhani anaizuia.

Bibi Kokoto hajambo? Bado anagonga mawe pale pale? Mwambie, hapana, usimwambie kitu. Atakuwa hanikumbuki.

Modesta


Mwalugoye
Jumapili, 9 Machi 2025

Modesta mwanangu,

Nimerudi kanisani sasa hivi, sijavua hata viatu.

Bibi Mbuke hajambo, na anakukumbuka. Nilimwuliza, akasema, "Si yule wa dirishani, mwenye macho ya kuiba? Kila nikiinua kichwa ananitazama, nikimtazama anajifanya anaandika." Alicheka mpaka akakohoa. Yuko pale pale kwenye mawe. Nilimwomba akae kwangu siku hizi chache, akaniambia, "Kwako kuna mawe?" Basi.

Lakini mambo yamebadilika. Majirani zake wawili walioweka dole gumba ni Ngosha na mkewe. Ngosha alikuwa akimsindikiza asubuhi na kumfuata jioni. Tangu Ijumaa hajaenda. Nimemfuata kwake, nikamkuta anatengeneza jembe.

"Ngosha, vipi? Bibi anatembea peke yake."

"Mwalimu, mimi sikatai."

"Hukatai, lakini huendi."

"Ulituambia tuweke dole kwenye kitabu chako. Kitabu serikali imekichukua. Kilichorudi ni jina lake na muhuri. Sasa nikionekana nalinda mtu aliyeandikwa na serikali, mimi nitaitwa nani?"

"Utaitwa jirani."

Mkewe akadakia kutoka jikoni, "Mwalimu, wewe una pensheni. Sisi tuna watoto."

Nimekuwa mwalimu miaka thelathini na nne, nikashindwa na mpini wa jembe, nikarudi nyumbani.

Sasa nakuuliza wewe uliyesoma sheria. Nikienda pale ubaoni nikazibandua zile kurasa, nitakuwa nimefanya kosa gani? Nina miaka sitini na saba, sijawahi kuvunja amri. Lakini mkono unaniwasha. Sema ndiyo au sema hapana, nitakufuata.

Na huyo afisa unayemtetea, ni mwanamume au mwanamke? Kijana au mzee? Ana mama? Sikuulizi kwa ubaya. Nataka nijue namwombea nani.

Wilhelmina


Nyamagana, Mwanza
Jumatatu, 10 Machi 2025

Mwalimu,

Shikamoo. Nakuandikia haraka, gari linaondoka Buzuruga saa sita.

Hapana. Usibandue. Kuharibu tangazo la amri ni kosa la jinai, na mwandishi wa chapisho akilifanya mwenyewe wataona kama ukaidi. Kwenye mapitio watakuwa na sababu ya kukizuia moja kwa moja, na kazi yote ya kikundi itapotea. Msajili anarudi Alhamisi. Siku tatu tu, Mwalimu. Nimeandika kila kitu, jalada liko tayari mezani kwake, linangoja sahihi tu. Tukienda kwa utaratibu tutashinda.

Mwombe Ngosha tena. Mwambie siku tatu.

Afisa ni mwanamke. Si mzee. Mama yake yupo, anaishi Sengerema.

Modesta


Mwalugoye
Alhamisi, 13 Machi 2025

Modesta,

Barua yako ya Jumatatu ilinifikia Jumatatu hiyo hiyo jioni. Nikakufuata. Sikubandua.

Bibi Mbuke Lusana tumemzika leo saa tisa. Walimkuta jana saa nne asubuhi, mchana kweupe, kwenye mawe yake. Sitakuandikia walimfanya nini. Waliokuwa shambani upande wa pili wa barabara wanasema hawakuona mtu. Wote hawakuona.

Polisi wamekuja, wamewachukua vijana wawili. Mmoja nilimfundisha. Alipoulizwa alisema, "Mbona jina lake limebandikwa?"

Ngosha ndiye aliyechimba kaburi. Alikataa kupokewa sepetu mpaka akamaliza peke yake.

Watu walikuwa wachache. Waliogopa kuonekana. Wanawake wa kikundi tulikuwa tisa, tukaimba sisi wenyewe.

Mtendaji wa kijiji ameniambia kwamba Msajili wenu amerudi leo. Kurasa bado ziko ubaoni.

Wilhelmina


Nyamagana, Mwanza
Ijumaa, 14 Machi 2025

Mwalimu,

Hakuna salamu ninayostahili kukuletea.

Siko upande wa kumbukumbu. Sijawahi kuwa huko. Afisa wa Zamu Namba Nne ni mimi. Yule niliyekuambia ameukalia ukurasa wa 13 muda mrefu, ni mimi. Mama anayeishi Sengerema ni mama yangu, yule aliyekuwa akikuletea viazi kabla hatujahamia huko.

Nataka nikueleze, si ili unisamehe. Nataka ujue ilivyokuwa, kwa sababu ulikuwa ukiuliza na mimi nilikuwa nakujibu kwa sura ya mtu mwingine.

Mwaka jana ililetwa mezani kwangu karatasi iliyomtaja muuza samaki mmoja kwamba anaiba watoto. Nikasema siwezi kuamua kwa kipande, naomba karatasi zote. Zilichukua siku mbili. Siku ya pili alipigwa na watu, akafa hospitali. Nilikwenda msibani kwake. Nilikaa nyuma, hakuna aliyenijua. Tangu hapo niliapa kwamba hakuna jina la mtu litakalokaa mezani kwangu hadi kesho yake.

Kijitabu chako kililetwa na mtu mwema, Mwalimu. Ni Yassin, fundi wa mashine pale kwenye kiwanda kidogo cha chapa Buzuruga. Alikuwa anapanga kurasa, akaona zile mbili, akasimamisha mashine, kwa sababu bibi yake mzaa mama aliuawa kwa orodha kama hiyo. Akazipiga picha akazituma. Nami nilizisoma mara nne. Jina la mwandishi halikuwapo kwenye picha. Jina la Mbuke Lusana lilikuwapo, la kwanza kabisa, nikalipita kama majina mengine. Mtu niliyemsikiliza mwaka mzima kupitia dirisha, nilimpita.

Saa tisa na dakika hamsini nilisaini. Kesho yake, jalada lilipofunguliwa, ndipo nikaona kijitabu kimeandikwa na wewe. Ningeweza kusema siku hiyo. Nilikuandikia kuhusu nyundo.

Nilidhani nilijifunza kitu kwa yule muuza samaki. Nilijifunza kuogopa, basi. Na woga wangu nikaupa muhuri, nikausambaza kwenye mbao sita.

Halafu wewe ukaniuliza kama ubandue. Hilo ndilo siwezi kulipita. Amri niliisaini nikiwa sijui. Lakini "hapana" nilikuandikia nikiwa najua kila kitu. Najua jina, najua mawe, najua Ngosha haendi. Nilikuandikia hapana kwa sababu jalada langu lilikuwa limepangwa vizuri na sikutaka liharibike.

Leo Msajili amelisoma. Amesema kwa kuwa mapitio ni Jumatatu, na sasa kuna kesi ya mauaji, si busara kugusa chochote mpaka wanasheria washauri. Nilimwambia kuna majina kumi mengine. Akasema, "Ndiyo maana tunakwenda kwa tahadhari."

Naomba nije nikuone. Naomba nije kukaa matangani, hata jikoni, hata nje.

Modesta


Mwalugoye
Jumamosi, 15 Machi 2025

Modesta,

Nimeisoma barua yako mara moja. Sitairudia.

Usije matangani. Hapa kuna dada yake Bibi, ana miaka themanini na mbili, naye anauliza kila anayeingia ni nani na ametoka wapi. Sitaki kumdanganya, na sitaki kumwambia. Kwa hiyo usije.

Ulipokuwa darasa la sita ulivunja kioo cha dirisha, nikawauliza darasa zima, hukusimama. Ulikuja baada ya wiki ukilia. Nikakusifu kwa kuja. Sasa naona nilikosea. Nilipaswa kukuuliza kuhusu ile wiki.

Sikuchukii. Nimejitafuta nione kama nakuchukia, sijaona. Lakini nimechoka, na nina hasira kwangu mimi mwenyewe pia, maana mkono uliniwasha nikauliza ruhusa. Mwanamke wa miaka sitini na saba, namwuliza mtoto kama niokoe mtu.

Bibi Kabula hajatoka ndani tangu Jumatano. Bibi Holo wamempeleka kwa binti yake Magu. Wengine wanane hawana pa kwenda. Majina yao yote bado yako ubaoni, na la Mbuke bado ni la kwanza. Mtu amelichorea msalaba kwa kalamu ya bluu.

Usiniandikie tena kunieleza unavyojisikia.

Wilhelmina


Misungwi mjini
Jumatatu, 17 Machi 2025

Mwalimu Wilhelmina,

Shikamoo.

Sikuandikii ninavyojisikia. Nakuandikia nilichofanya, kwa kuwa utakisikia kwa wengine, na safari hii nataka ukisikie kwangu kwanza.

Jumamosi jioni, barua yako iliponifikia, nilikwenda ofisini nikafungua kabati la vielelezo. Funguo ni zangu, mimi ndiye niliyekifungia kijitabu humo. Nilitoa kijitabu kimoja, nikatoa nakala sita za ukurasa wa 13 na wa 14. Jana nilipanda gari la kwanza. Nilitaka nifike watu wakitoka kanisani, wakati mbao zina wasomaji.

Nilianzia kijijini kwenu. Nilipita mbele ya nyumba yako. Ulikuwa umeinama unapepeta, niliona mgongo wako tu. Sikubisha hodi.

Mtendaji wenu, Pius, alinikuta nakwangua gundi kwa ukucha.

"Wewe dada! Unafanya nini hapo?"

"Nabandua."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya aliyesaini."

"Yuko wapi huyo?"

"Ndiye mimi."

Akanitazama, akatazama karatasi. Mzee mmoja nyuma akasema, "Haya, leo serikali inajibandua yenyewe," na watu wakacheka. Halafu mwanamke mwenye mtoto mgongoni akauliza, kwa upole kabisa, "Kwa hiyo hao sasa si wachawi tena?" Kicheko kikakatika.

Nikawasomea ukurasa wa 13 kwa sauti. Niliposoma "Mbuke Lusana, macho ni ya moshi na vumbi la mawe, mtoto wa jirani alikufa kwa malaria, cheti kipo," Ngosha alikuwa amesimama pale. Niliposoma majirani walioweka dole gumba, nilisoma na jina lake. Hakuondoka. Nilipomaliza alikuja akanishikia karatasi ili niibandike isikunjike. Pius hakunizuia, ila alipiga picha, akasema, "Nitaripoti, dada yangu, usinilaumu." Nikamwambia aripoti.

Vijiji vingine vitano nilikwenda kwa bodaboda. Kimoja walinifukuza nikarudi tena. Kufikia saa kumi na moja mbao zote sita zilikuwa tayari.

Leo saa mbili asubuhi nimeingia polisi hapa Misungwi na kurasa kumi na mbili nilizobandua, nikazikabidhi pamoja na maelezo yangu. Nimewaambia amri ilitolewa na nani, kwa picha mbili, kwa muda gani, na nani alikuambia usizibandue ulipouliza. Wameniambia nisubiri kwenye benchi, ndipo ninapoandikia. Mapitio ni saa nane mchana huko Mwanza. Barua yangu ya kuacha kazi iko juu ya jalada, pamoja na kijitabu kizima, ili wasiweze kulifungua jalada bila kukishika.

Kwenye kila ubao, chini ya ukurasa wa 14, nimeandika kwa mkono, kwa herufi kubwa: AMRI ILISAINIWA NA MODESTA MASHIMBA WA SENGEREMA. ALIKOSEA. KURASA HIZI AMEZIBANDIKA YEYE. Sikuweka namba.

Modesta